Mshipa wa Mkanda na Ubao wa Mwalimu Miao

Jumatano, 15 Oktoba

Siku kubwa! Mwalimu Miao ametuita mimi na Gan Suyun, akatukalisha kwenye vile viti vyake vifupi, akasema anastaafu. Ana miaka themanini na minne, mikono imeanza kumtetemeka, na huwezi kumdunga mtu sindano zetu za tiba ya Kichina kwa mkono unaotetemeka. Sikukuu ya Tisa Mbili itakapofika, siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya zamani, mbele ya watu wote wa uchochoro wetu, ataushusha ubao ulio juu ya mlango wake na kumkabidhi mmoja wetu.

Ubao! Mweusi, wenye maandishi ya dhahabu: Sindano Moja, Moyo Mmoja. Maneno manne tu, lakini hakuna anayepita hapo bila kuinua macho. Hata polisi huinua macho.

Sharti ni moja. Kila mmoja amletee siku hiyo mgonjwa aliyemponya kwa mshipa wa mkanda. Katika mishipa minane ya ajabu ambamo nguvu ya mwili hupita, akasema, huu ndio tunaoupuuza. Mingine yote hupanda na kushuka mwilini. Huu peke yake huzunguka kiuno na kuifunga mingine pamoja, na ukilegea, kila kitu kinalegea. Dalili yake ni ile ya vitabuni: mgonjwa hujisikia kuanzia kiunoni kama amekaa kwenye maji baridi. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Mimi, si Gan! Halafu akaniuliza Yinfeng hajambo. Yinfeng ni mke wangu. Nikasema hajambo, anakusalimu. Nilitaka turudi haraka kwenye habari za ubao.

Gan akainamisha kichwa kwa ule unyenyekevu wake wa kuuza. Tangu ujana wetu ni hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeingia kwa Mwalimu kwanza, nikapiga magoti na kumpa chai ya uanafunzi nywele zangu zikiwa nyeusi ti, wakati yeye bado ni msichana anayesuka nywele mikia miwili. Ananiita Kaka Mkubwa mbele za watu. Lakini foleni iko mlangoni kwake, inavuka uchochoro, inapita mbele ya mlango wangu! Wagonjwa wake huegemea ukuta wangu wakila karanga. Maganda nafagia mimi.

Nyumbani, Yinfeng akaanza kusema kitu kuhusu kiuno chake. Nikamwambia leo kichwa changu kimejaa viuno vya watu, asubiri.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeamkia uwanja wa kando ya mto, wanakocheza akina mama kila asubuhi kwa kipaza sauti. Viuno vingi namna ile, nikasema, hakikosi kimoja kilicholegea.

Nikaanza na somo la bure. Kunja ngumi, piga ubavuni chini ya mbavu, huku na huku, pa, pa, pa, unauamsha mshipa wa mkanda. Wakalipenda! Ikasambaa kwamba tumbo linapungua ndani ya wiki. Mimi sikusema hivyo. Sikukanusha pia.

Kosa likawa kwa Bi Luo, kiongozi wao, kondakta wa basi mstaafu, mwenye sauti ya kusimamisha gari. Nikamwambia kitaalamu kabisa, mbele ya wenzake, kwamba mkanda wake umelegea ndiyo maana tumbo limetoka nje kusalimia watu. Akafunga kipepeo chake cha kujipepea. Akanipiga nacho kichwani. Akaniuliza na hilo lako, Daktari Pang, linaloingia chumbani kabla yako, limefungwa na mshipa gani? Wakacheka hadi wakapoteza mdundo wa ngoma. Nikaondoka nikipita katikati ya maua.

Mchana nikawaona uchochoroni, kundi zima, wameshika mbavu. Walijipiga kwa nguvu mno, wamevilia damu. Nikatoka mlangoni na tabasamu. Wakanipita. Wote wakaingia kwa Gan! Nimemtafutia wateja kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jioni Yinfeng alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni kama kawaida yake. Akaniomba nimwongezee maji ya moto. Akasema, Baba Jing, kuanzia kiunoni kwenda chini najisikia kama nimekaa mtoni. Nikamwambia miguu yako imo ndani ya beseni la maji, ulitaka ujisikie umekaa jikoni? Wakati mwingine nashangaa namna mwanamke huyu asivyofikiri. Halafu maji akayamwaga mwenyewe, akayumba, nusu yakamwagikia viatu vyangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimebandika tangazo mlangoni. BURE! KWA YEYOTE ANAYEHISI AMEKAA KWENYE MAJI BARIDI! Herufi kubwa, wino mwekundu. Nikaweka benchi, nikavaa koti safi, nikakaa.

Wa kwanza, kijana aliyetaka kujua choo kiko wapi. Wa pili, muuza samaki wa sokoni. Nikamuuliza, unahisi umekaa kwenye maji baridi? Akasema ndiyo, Daktari, kila siku. Nikamlaza, nikamdunga kiuno kizima, sindano kuzunguka kote mpaka akawa kama nungunungu.

Hapa niseme jambo. Vitabu vinasema mlango wa mshipa huu uko juu ya mguu, nyuma ya kidole cha nne na cha tano, na mwenzake uko mkononi juu ya kifundo cha mkono, na kwamba ukidunga hapo wawili hao wanafungua kiuno. Gan hufanya hivyo. Sindano mbili, tatu, basi. Mimi naona ni uvivu. Mtu kaja na kiuno, wewe unashika mguu! Atadhani umelewa. Kazi lazima ionekane. Mwalimu amenigombeza juu ya hili tangu zamani, lakini hata Mwalimu ana mambo yake.

Basi nikamaliza, nikamuuliza muuza samaki anajisikiaje. Akasema vilevile. Ndipo nikaona suruali yake inachuruzika kitandani kwangu. Kumbe hukaa siku nzima sokoni juu ya ndoo ya kambare! Alikuwa amekaa majini kweli. Akanishukuru kwa usingizi, akaondoka. Chumba kinanuka mpaka sasa.

Watu wengine hawakuja. Jioni Yinfeng akaingia, tena kwa mlango wa mbele, akakaa kwenye benchi na kuweka mikono mapajani. Nikamwambia benchi hilo ni la wagonjwa. Akasema anajua. Nikamwambia basi inuka, huenda mtu akaja akakuta limejaa. Akainuka akishika ukuta.

Hakuna aliyekuja.

Alhamisi, 23 Oktoba

Sijalala vizuri. Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Ninautaka ubao ule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nina miaka hamsini na minane. Baba alikuwa akichoma viazi kituo cha basi, na watu walimwita Pang wa Viazi mpaka anakufa. Akaniita Yaozu, maana yake niwaletee wazee wetu heshima. Mpaka sasa nimewaletea nini? Maganda ya karanga. Nataka mara moja tu mtu ainue macho mlangoni pangu. Inaniuma kifuani ninapoandika hivi, na najua ni wivu, si ugonjwa.

Basi! Kama mgonjwa hapatikani, atatengenezwa. Nimekwenda kwa Kinyozi Fu, jirani yangu na mshindani wangu wa dama. Ana sura ya kuugua tangu kuzaliwa. Nimempa chupa ya pombe kali ya mtama, ile niliyowekewa na mkwe wangu kwa sherehe. Yeye atasimama mbele ya Mwalimu, ataeleza jinsi alivyokuwa amekaa kwenye maji baridi, na jinsi Daktari Pang alivyomtoa majini. Fu akauliza kama atalazimika kulia. Nikamwambia kidogo.

Akaomba maandishi ya kukariri, kwa kuwa si mtu wa kubuni. Nikamnakilia kutoka kitabuni dalili zote za mshipa wa mkanda, zile za utenzi wanaokariri wanafunzi wa tiba. Akaziweka kwenye mfuko wa nyembe. Ametuliza kichwa, huyu bwana. Laiti wanafunzi wangu wangekuwa hivi. Laiti ningekuwa na wanafunzi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Chakula cha mchana kimechelewa. Yinfeng alikuwa ametoka, na Alhamisi vilevile alitoka. Nikamuuliza ulikuwa wapi. Akasema, pale ng'ambo ya uchochoro tu. Hapo ng'ambo wanacheza mahjong nyuma ya duka la tambi. Sikumwuliza zaidi. Mwanamume mwenye ubao mbele yake hagombani kwa ajili ya tambi zilizopoa.

Nikaenda kumpeleleza Gan. Nikajificha nyuma ya vyombo vya mvuke vya muuza mikate, miwani yote ikafunga ukungu. Dirisha lake lilikuwa na pazia fupi. Chini ya pazia nikaona kitanda, chini ya kitanda viatu vya kitambaa vyenye maua ya zambarau, na juu ya kitanda mguu mtupu wenye sindano moja iliyosimama nyuma ya vidole viwili vya mwisho. Moja! Nikacheka peke yangu. Ndiye huyo mgonjwa wake wa mshipa wa mkanda, bila shaka, maskini, anatibiwa kama anachomwa mwiba. Yinfeng naye ana viatu kama vile. Wanawake wa mji huu hawana ubunifu.

Muuza mikate akaniuliza nanunua au nachungulia. Nikanunua sita. Nikala yote.

Jioni, kwenye beseni, nikaona alama nyekundu ndogo juu ya mguu wa Yinfeng. Nikamwambia mbu wa Oktoba ni wakaidi, paka mafuta. Akanitazama muda mrefu. Akasema, Baba Jing, hiyo ni mbu? Nikamwambia kwani mimi si daktari?

Halafu leo leo kabichi za majira ya baridi zimeletwa, na akazipandisha ngazi zote peke yake, magunia mawili, akiimba! Mwanamke aliyekuwa akishika kuta siku tano zilizopita! Nilijua tangu mwanzo hana kitu. Ukimbembeleza mtu ndiyo anaugua.

Jumanne, 28 Oktoba

Kesho! Nimemsikiliza Fu akikariri. Anakwenda kama maji, ingawa haelewi asemacho, na nilipomwambia apunguze akasema hawezi kupunguza, akikata katikati anapotea, lazima aanze upya. Nikamwacha. Sauti yake ni ya huzuni nzuri.

Jing amepiga simu kutoka Hefei. Ni binti yetu, ameolewa huko. Akaanza kuulizia kiuno cha mama yake. Nikamwambia mama yako anabeba kabichi, halafu nikamweleza habari za ubao, kwa kirefu, na mahali nitakapoutundika. Akasema, baba, nipe mama. Wakazungumza jikoni mlango umefungwa. Yinfeng alipotoka macho yalikuwa mekundu. Vitunguu, nadhani. Nikamwomba anipigie pasi joho langu la kijivu. Akalipiga vizuri sana, kola ikasimama. Hilo siwezi kumnyima.

Akaniuliza kama kesho nitampeleka mgonjwa wangu. Nikasema ndiyo, na atajionea. Akaniuliza mara ya pili, polepole, kama sina mtu mwingine ninayemfikiria. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mimi.

Jumatano, 29 Oktoba. Sikukuu ya Tisa Mbili

Niandike yote, ili iwe ushahidi wa nilivyofanyiwa.

Uchochoro mzima ulikuwa uani kwa Mwalimu. Keki za mchele, mvinyo wa maua, wazee wamevaa nguo mpya. Bi Luo na kundi lake mstari wa mbele, mbavu zimepona, masikio yako wazi. Ubao ulikuwa umeshushwa, umefutwa vumbi, umeegemezwa kwenye kiti cha Mwalimu. Kwa karibu ni mkubwa kuliko nilivyodhani. Nikapima kwa macho. Mlango wangu unautosha.

Nikaitwa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nikapiga magoti, nikatoa chai, nikamwita Fu.

Alianza vizuri! Akasema alikuwa na kiuno kizito, baridi, kama amekaa mtoni, miguu si yake. Wazee wakatikisa vichwa. Akalia kidogo. Nikaona nimeshinda, nikaona kabisa. Halafu hakusimama. Kwa kuwa hawezi kukata katikati! Akaendelea na utenzi, kwa sauti ile ile ya huzuni. Akasema tumbo lake la chini lilikuwa likivuta, na uchafu wa kike ulikuwa ukimtoka bila kikomo, mweupe na mwekundu, lakini sasa, kwa mikono ya Daktari Pang, umekauka, hedhi yake inakuja kwa wakati, na anatumaini kushika mimba kabla ya mwaka mpya.

Bi Luo akampongeza. Akamuuliza anapendelea mvulana au msichana. Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka kwenye keki. Fu mwenyewe hakuelewa, akainama kama mwigizaji. Hata Mwalimu alifunika uso kwa mkono wa joho, mabega yakitikisika.

Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini nikajipa moyo. Gan naye si lazima alete mtu? Atamleta nani?

Gan akapiga magoti. Akatoa chai. Akasema, Mwalimu, nisamehe, mgonjwa wangu hakuwa wangu kwa haki. Alikuja kwangu mara tatu, mara tatu nikamrudisha nyumbani aende kwa mumewe, kwa kuwa mumewe ni kaka yangu katika kazi hii. Mara ya nne alikuja akishika kuta, nikashindwa kumrudisha.

Akainuka mtu mstari wa nyuma. Viatu vya zambarau.

Yinfeng! Yinfeng wangu! Akapita katikati ya watu, mgongo umenyooka kama msichana, akasimama mahali pale pale aliposimama Fu. Mwalimu akamuuliza alikuwa akijisikiaje. Akasema, kama nimekaa kwenye maji baridi, Mwalimu. Mwalimu akamuuliza kama hakumwambia mtu nyumbani. Akasema alimwambia. Hakunitazama. Afadhali angenitazama, afadhali angepiga kelele, watu wangesema ni mambo ya mume na mke.

Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Bi Luo aliweka keki chini.

Mwalimu akaniita karibu, akasema kwa sauti ndogo, lakini ua ule ulikuwa kimya hivi kwamba hata paka walisikia. Akasema Yinfeng alimletea uji wa mtama baada ya sikukuu ya mwezi mpevu, akamwona akishika mlango kabla ya kukaa. Akamuuliza, akajua ni mshipa gani. Akasema, Yaozu, mishipa ya ajabu iko minane, wewe unadhani kwa nini nilichagua huu? Nilitaka uwe wako. Ulikuwa na kazi moja, kwenda nyumbani ukamuulize mke wako hajambo.

Halafu akampa Gan ubao.

Gan alilia alipoupokea. Mimi pia nililia, wakadhani nimetubu. Wazee wawili wakanipapasa mgongo. Nililia kwa sababu ni fitina! Wote watatu walijua! Mwalimu alijua, Gan alijua, na mke wangu, anayelala pembeni yangu, alijua anaumwa nini na hakunifahamisha ipasavyo. Kuna kusema na kuna kufahamisha. Angesema tu, "Pang, nina mshipa wa mkanda," kungekuwa na ugumu gani?

Tulirudi nyumbani. Hakuloweka miguu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimefikiri siku mbili bila kuoga. Akili imenirudi, tena imerudi na faida!

Gan ameponya nani? Mke wa Pang. Mgonjwa alitoka nyumba ya nani? Ya Pang. Kabichi zilizothibitisha kupona zilibebwa ngazi za nani? Za Pang. Kwa hesabu yoyote ya haki, nusu ya tiba ile ni yangu. Na kama nusu ya tiba ni yangu, nusu ya ubao ni yangu!

Uzuri ni kwamba unagawanyika bila taabu. Maneno manne, mawili mawili. Nitachukua Sindano Moja, kwa kuwa mimi ndiye mwenye sindano nyingi. Moyo Mmoja nitamwachia yeye, hayo ndiyo mambo yake. Nimepima mlango upya. Sindano Moja inakaa vizuri zaidi, hata nafasi ya taa inabaki.

Fu ameniazima msumeno. Akauliza kama kuna mistari ya kukariri safari hii. Nikamwambia nenda zako.

Asubuhi nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza natafuta futi ya kupimia, Yinfeng akasimama mlangoni. Amevaa koti la safari, amebeba begi, na beseni lake la miguu kwapani. Akasema kitu. Kirefu kidogo, kama sentensi tatu au nne, kwa utulivu. Sikushika vizuri, nilikuwa nimeiona futi. Nikamwambia sawa, sawa, na njiani aninunulie misumari. Akasimama bado. Kisha nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, vyepesi kabisa. Anatembea vizuri siku hizi.

Atakuwa amekwenda sokoni kuchukua samaki. Beseni la nini kama si samaki?

Chupa ya maji ya moto iko tupu. Nimekunywa chai ya jana, baridi. Jing amepiga simu, anaharakisha, yuko stesheni ya Hefei kumpokea mtu, akauliza kama najua treni inachelewa. Nikamwambia mimi na habari za treni wapi na wapi, nina kazi, nikakata.

Ubao ameutundika juu, huyu Gan, juu kabisa. Itabidi nipande kesho mchana wakati amekwenda kula. Ngazi nimeipata, lakini mguu mmoja mfupi, inacheza. Inahitaji mtu wa kuishika kwa chini. Yinfeng ana mikono imara, atanishikia. Namsubiri tu arudi.